Tarehe Imepita, Mtoto Bado Anachanjwa

Msikilizaji, leo nina neno na mama aliyeificha kadi ya kliniki kwa kuwa tarehe ya sindano imepita na anaogopa kusemwa na nesi.

Mama, nenda. Chanjo haianzi upya. Mtoto aliyepata penta (chanjo ya magonjwa matano) ya kwanza akiwa na wiki 6, kisha mkasafiri akakosa za wiki ya 10 na ya 14, atachomwa ya pili siku atakayofika na ya tatu baada ya wiki 4. Ile ya kwanza bado inahesabika. Mafua kidogo yasikuzuie. Ila matone ya rota yana ukomo: akishatimiza miaka miwili, hapewi tena.

Inayoniuma zaidi ni surua. Hapa Tanzania sindano ya surua na rubela hutolewa miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, maana mtoto ameshaanza kutembea, anakula ugali, na foleni ya kupima uzito inamaliza asubuhi nzima. Lakini ile ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 katika kila 100. Kwa kumtazama tu, huwezi kujua kama wako ni miongoni mwa wale 15. Na mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Wauguzi wetu, kwa heshima zote, hili nalisema. Chupa ya chanjo ya surua na rubela mara nyingi ina dozi 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa 6. Najua inavyouma kumwaga dozi tisa. Hata hivyo, mama aliyetembea tangu alfajiri ukimwambia arudi Alhamisi watoto wakiwa wengi, huenda usimwone tena. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nanyi viongozi wa wilaya, pelekeni chupa za kutosha, nesi asilazimike kuhesabu dozi mbele ya mtoto.

Kadi imepotea? Mpelekeni hivyo hivyo. Wataangalia rejista ya kituo, na pasipo kumbukumbu atachanjwa. Kurudia dozi hakumdhuru. Mama akibanwa na kazi, baba au bibi ampeleke mtoto.