Majani Tuliyoyaacha Mlimani

(MUZIKI UNAPANDA, HALAFU UNASHUKA)

 

Leo nakuuliza: ukisikia jina igisura, unakumbuka nini? Sisi tuliotoka milima ya Burundi na Kivu, wengi tunakumbuka miguu inayowaka moto. Bibi yangu mzaa mama aliyachuma majani hayo akiyashika kwa jani la mgomba, akayachemsha, tukala na viazi. Mimi nilikuwa naona haya. Nilidhani ni chakula cha watu waliokosa maharage.

Sasa sikia kilichomo. Jani la igisura lina vinywele vidogo kama sindano. Ndani yake mna histamini na asetilikolini, na hizo ndizo zinazowasha ngozi. Ukichemsha, vinywele vinalegea na muwasho unakwisha. Kinachobaki ni protini, kalisi ya kujenga mifupa, na madini ya chuma ambayo mwili hutumia kutengeneza damu.

Hapa kambini igisura ni shida kuipata. Lakini lengalenga, ambayo wenyeji wanaiita mchicha, huota yenyewe mvua ikinyesha. Nayo ina chuma, kalisi na vitamini A. Ina pia oksalati, kitu kinachoishika kalisi tumboni isiingie mwilini. Maji ya kuchemshia huondoa sehemu ya oksalati hiyo. Bibi alikuwa akimwaga maji ya kwanza. Hakusoma kemia, lakini alijua.

Basi mama, baba, fanya hivi. Chemsha majani kidogo, mwaga maji. Tia kijiko cha mafuta, kwa sababu bila mafuta vitamini A haiingii vizuri mwilini. Kamulia limao ukilipata, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai isubiri, usiinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma.

Tahadhari: usichume karibu na choo wala jalalani. Jani usilolijua usilitie chunguni. Mtoto anayechoka haraka na viganja vyake vimepauka, mpeleke zahanati. Mama mjamzito, endelea na vidonge ulivyopewa. Mboga haichukui nafasi ya dawa.

Jioni hii, kama una mzee nyumbani, muulize: kule kwetu mlikula majani gani, na mliyapikaje? Yaandike kwenye daftari la mtoto. Mimi sikumuuliza bibi yangu mapema, na leo sina wa kumuuliza.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)