Bima ya awamu: nani anamdai nani?

Ndugu msikilizaji, tuseme unalo lori la kusomba mahindi, Songea hadi Makambako. Umelikatia bima kubwa ya mwaka mzima, ada shilingi 1,200,000, ulipe kwa awamu nne za 300,000. Baada ya miezi mitatu unaliuza lori, unaivunja bima. Mara inakuja barua: unadaiwa. Unashangaa, nadaiwa nini tena?

Jibu limo ndani ya mkataba. Awamu ni njia ya kulipa tu. Ulichonunua ni bima ya mwaka. Kampuni ikivunja yenyewe, kwa kawaida huhesabu siku zilizotumika na kukurudishia ada ya zilizobaki. Ukivunja wewe, mikataba mingi hutumia viwango vya muda mfupi, navyo ni vikali zaidi. Kwa mfano wetu, kiwango cha miezi mitatu kikiwa asilimia 40, ni shilingi 480,000. Umelipa 300,000, umebakiza 180,000.

Lakini gharama isiyoandikwa mkatabani usiilipe kimya kimya. Omba mchanganuo, kifungu kwa kifungu. Msipoelewana, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Peleka shauri lako huko.

Na kuacha kulipa si kuvunja bima. Andika barua, rudisha cheti, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asiye na karatasi hana la kujitetea.

Tukutane wiki ijayo.