Rufani na Nakala ya Mwenzetu



Kutoka Mhezi hadi Mahakama Kuu, Moshi, ni safari ndefu. Asiyejua taratibu huirudia bure. Aliyeshindwa huko katika shauri la madai, tuseme la shamba, akikusudia kwenda Mahakama ya Rufani, Kanuni za mwaka 2009 zampa siku 30 tangu hukumu kuwasilisha taarifa ya rufani kwa Msajili. Ndani ya siku 14 baada ya hapo amfikishie mpinzani nakala. Rufani yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo.

Je, nakala ya mwenendo wa shauri ikichelewa? Siku za kuingojea hazihesabiwi, iwapo tu tuliiomba kwa barua ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mpinzani akapewa nakala ya barua hiyo. Hapo ndipo penye mtego. Tudai sahihi na tarehe ya kupokea, tuzitunze.

Kumpa mpinzani nakala si kumsaidia adui. Ni kumtendea jirani haki ile ile tuitafutayo: asihukumiwe bila kusikilizwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Na haki ni vivyo hivyo.