Mpagazi na Mtaa Wake: Kutoka Bagamoyo hadi Mabwepande



Usharika unapotimiza miaka 100, picha za majengo hujaa kurasa. Mada hii inahusu jambo ambalo picha hizo hazionyeshi: kwa nini watu wa pwani hii moja, wanaoweza kutembeleana kwa miguu, huishi maisha yaliyotofautiana kiasi hiki. Ikumbukwe kwamba mipaka kati yao haikuota yenyewe. Ilichorwa.

Hadi mwaka 1891 makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalikuwa Bagamoyo. Mji ule uliishi kwa mabega ya wapagazi. Wao ndio walioleta pembe za ndovu kutoka bara, lakini faida ilibaki katika nyumba za mawe za wafanyabiashara, nao wakalala vibandani. Hata hivyo, si kila tajiri aliridhika na hali hiyo. Sewa Haji Paroo, aliyepata mali kwa kuandaa misafara na kukodisha wapagazi, mwaka 1896 alitoa jengo la ghorofa liwe shule isiyobagua watoto kwa rangi.

Makao makuu yalipohamia Dar es Salaam, desturi iligeuzwa sheria. Amri ya ujenzi ya mwaka 1891 iligawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu, katikati nyumba za vifaa vya kudumu, na vibanda vya udongo na makuti vikasukumwa magharibi. Ulikuwa ujanja mkubwa: asiyekuwa na fedha za mawe na chokaa alihamishwa bila mtu kumwambia hama. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliendeleza mpango huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga Uhindini na makazi ya Waafrika. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 kilichopiga kambi pale. Mpagazi alikuwa amefika mjini, akawekwa ng'ambo ya uwanja.

Baadaye Oysterbay ilipimwa kwa ajili ya Wazungu, kwa viwanja vipana vyenye upepo wa bahari, jirani na kijiji cha wavuvi cha Msasani. Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa rangi katika ugawaji huo, na kipato kikashika nafasi yake. Huko Manzese na Tandale nyumba zilitangulia mitaro na mabomba. Wengi hudhani kuishi uswahilini ni nafuu. Lakini anayenunua maji kwa ndoo hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba, na masika yanapofurisha vyoo vya shimo, hulipa tena zahanati.

Barabara ya Bagamoyo imeuleta mpaka huo kaskazini. Kunduchi Mtongani, kwa miaka mingi, wanawake na wanaume walivunja kokoto kwa nyundo, huku majumba ya kifahari yakiinuka Mbezi Beach. Katika sharika za ukanda huu, aliyekuja kwa gari lake na aliyetoka machimboni kwa miguu huketi benchi moja. Kwa saa mbili mpaka unafutika. Kisha hutangazwa ahadi ya ujenzi, kiwango kimoja kwa kila kaya, na mmoja wao huanza kukaa nyumbani Jumapili kwa aibu ya bahasha tupu. Aliyepanga kiwango hicho alidhani anatenda haki.

Mabwepande, karibu na Bunju, ni mfano mwingine wa nia njema. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia huko wakazi wa bonde la Msimbazi na kuwapa viwanja. Ardhi ilikuwa kavu na halali. Lakini kibarua, soko na wateja vilibaki mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ikala ujira wa siku. Baadhi yao walirudi bondeni, wakijua kwamba mvua itakuja tena.