Si Kila Uchovu ni Uvivu

 

Mwezi huu mtukufu ukisema umechoka, jibu ni moja: "Ni saumu tu." Lakini yuko mwenzetu aliyechoka tangu Rajab. Ananenepa na chakula hali sana, anahisi baridi watu wakijipepea, nywele zinakatika, anasahausahau. Nyumbani anaitwa mvivu. Mwengine anakonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hapati. Majirani washaanza kunong'ona, na jamaa washamtafutia mganga wa majini.

Huenda wote wawili wanaugua tezi ya thairoidi. Tezi hii iko mbele ya shingo, umbo lake kama kipepeo, na homoni zake ndizo zinazoupangia mwili mwendo. Zikipungua, mwili unazorota. Zikizidi, mwili unakwenda mbio.

Sasa, kwa nini hospitali hukosea? Kwanza, dalili hizi si za ugonjwa huu peke yake. Uchovu huo huo uko kwenye upungufu wa damu, sukari, msongo wa mawazo na kukoma hedhi. Mama aliyejifungua akichoka na kulialia, tunasema ni ulezi, kumbe tezi yaweza kuvurugika ndani ya mwaka baada ya kuzaa. Pili, ugonjwa huja polepole, mtu akauzoea. Tatu, wengi wetu tukisikia tezi twafikiria rovu. Basi shingo isipovimba, hakuna anayeshuku.

Dhana huondolewa na kipimo. Damu kidogo tu hupimwa TSH, homoni ya kwenye kichwa inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda, mara nyingi kabla homoni za tezi yenyewe hazijashuka. Kwa hivyo ukienda kwa daktari usiseme "nimechoka" ukanyamaza. Mweleze dalili zote na zilipoanza, mtajie jamaa mwenye ugonjwa wa tezi kama yuko, kisha muulize: "Daktari, thairoidi yangu imepimwa?"

Na wewe uliyeandikiwa vidonge vya levothairoksini, usiviache kwa sababu ya Ramadhani. Humezwa tumbo likiwa tupu: ama usiku, kama masaa 3 baada ya kula, ama nusu saa au zaidi kabla ya daku. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu viachanishe navyo kwa masaa 4. Kaa na daktari wako mpange wakati utakaouweza.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute tiba, na Qur'ani imetukataza kudhaniana vibaya. Kabla hujamwita dadako mvivu, au hujasema nduguyo ana jini, mshike mkono umpeleke akapimwe. Hiyo pia ni sadaka ya Ramadhani.