Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende: Kuchagua Shakeli za Mlingoti kwenye Katamarani Ndogo

Mazungumzo kwa wamiliki, waendeshaji na mafundi wa mashua ndogo za tanga



Mada ya leo ni kitu kidogo ambacho wengi hukiona kila siku bila kukitazama. Ni shakeli, kile kipande cha chuma chenye umbo la herufi U kinachofungwa mdomoni kwa pini. Kwenye katamarani ndogo zinazoonekana hori ya Kilifi, Watamu na Malindi, kipande hicho kinachoenea kiganjani ndicho kinachoshika mlingoti usiwaangukie watu. Kikiachia, hakitoi onyo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwenye mashua anaweza kununua tanga jipya, akapaka rangi, akabadilisha kamba zote, kisha akafunga mlingoti kwa shakeli ya kufungia mnyororo wa geti. Hapo kazi yote imeharibika.

Katamarani si dau

Wengi wenu mmelelewa kwenye dau, mashua na ngalawa, na ujuzi huo ni hazina. Lakini yako mambo mawili ambayo katamarani haifanyi kama dau.

La kwanza ni mlingoti. Mlingoti wa dau husimama chini kabisa ndani ya chombo, na hufungwa kwenye boriti kubwa inayokatiza. Kamba moja ikikatika, nahodha mara nyingi hupata nafasi ya kushusha foromali. Mlingoti wa katamarani ndogo ni bomba la alumini lililokalishwa tu juu ya boriti ya mbele. Hausimami wenyewe. Unashikwa na nyaya tatu: mmoja wa mbele na mbili za pembeni. Mmoja ukiachia upande unaotoka upepo, mlingoti huanguka papo hapo.

La pili ni upana. Dau likipigwa na upepo mkali huinama, na likiinama, upepo mwingine hupita juu ya tanga. Katamarani ina maganda mawili yaliyoachana, kwa hiyo hukataa kuinama. Nguvu ambayo ingepotea kwa kuinama huenda moja kwa moja kwenye nyaya na shakeli zake.

Chukueni mfano wa Hobie 16, mashua iliyobuniwa California, Marekani, na Hobie Alter mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambayo leo inajulikana katika fukwe nyingi duniani. Ina urefu wa mita 5 hivi, upana wa karibu mita 2.4, na uzito wa takriban kilo 145. Watu wawili wazima wakining'inia nje kwa mikanda ili kuizuia isipinduke, waya wa upande wa upepo huvutwa kwa nguvu kubwa sana. Hiyo ni kabla ya kuongeza mshtuko wa wimbi. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, mishtuko hiyo huja moja baada ya nyingine.

Nguvu kwanza

Kanuni ya kwanza ni hii: shakeli isiwe dhaifu kuliko waya inaoushika. Waya wa stenlesi wa milimita 3, uliosokotwa kwa nyuzi 19, hukatika kwa takriban kilo 700. Shakeli yake basi lazima ihimili zaidi ya hapo.

Someni maandishi yaliyochongwa kwenye shakeli. Herufi WLL humaanisha mzigo wa kazi, yaani uzito inaoruhusiwa kubeba kila siku. Herufi BL humaanisha mzigo wa kukatikia. Namba hizi mbili hutofautiana mara kadhaa, na anayezichanganya hujidanganya. Shakeli isiyo na maandishi yoyote, wala jina la mtengenezaji, isitumike kwenye mlingoti hata kama inang'aa. Kuna shakeli zilizokatwa kwenye bamba na kukunjwa, na kuna zilizofuliwa kwa moto. Za kufuliwa ndizo za mlingoti.

Chuma gani?

Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza shakeli za chuma kilichopakwa zinki. Kwa nanga na mnyororo wake zinafaa. Kwa nyaya za stenlesi hazifai, kwa sababu zinki ikikutana na stenlesi ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka, na baada yake chuma chenyewe huliwa.

Stenlesi nayo si moja. Ile ya namba 304, ambayo kwenye bolti huandikwa A2, ni nzuri kwa jikoni. Ya baharini ni 316, au A4, iliyoongezwa madini ya molibdenamu ili kupambana na chumvi. Wengine hupima kwa sumaku. Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, lakini haitakutenganishia 304 na 316, kwani zote mbili kwa kawaida haziivuti sumaku. Tegemeeni maandishi na muuzaji mnayemwamini.

Umbo na pini

Shakeli nyembamba ya umbo la D hufaa pale ambapo mvuto ni mmoja na umenyooka, kama waya wa pembeni unapokutana na bamba lake kwenye ganda. Shakeli pana ya upinde hufaa pale ambapo vitu kadhaa hukutana. Kwenye Hobie 16, nyaya zote tatu pamoja na zile za kuning'inilia hukutana kwenye shakeli moja juu ya mlingoti. Hiyo ndiyo shakeli muhimu kuliko zote chomboni, na ndiyo inayokaguliwa mara chache zaidi kwa sababu iko juu.

Shakeli hutengenezwa ivutwe kwa urefu wake. Ikivutwa kwa ubavu, kwa pembe mraba, shakeli ya upinde hubaki na takriban nusu tu ya uwezo wake. Mkiona imelala upande, badilisheni umbo au mpangilio. Msiongeze unene peke yake.

Pini nayo ijaze tundu. Pini nyembamba ndani ya tundu kubwa hugusa sehemu moja tu, na sehemu hiyo hulika. Kama kuna kamba inayotembea, ipite kwenye upinde, isipite juu ya pini, kwa kuwa mwendo wake unaweza kuizungusha pini hadi ifunguke.

Ikishakazwa kabisa, pini ifungwe kwa waya laini wa stenlesi unaopita kwenye tundu la kichwa chake na kuzunguka mwili wa shakeli. Mtetemo wa tanga hufungua skrubu yoyote. Zile pini zisizo na skrubu, zinazozuiwa kwa kipete au kota pini, nazo zikaguliwe, maana kamba iliyolegea inaweza kunasa kipete na kukichomoa. Mzunguko mmoja wa tepu unatosha kukifunika. Msizungushe tepu hadi hewa isipite: stenlesi iliyofungiwa na unyevu wa chumvi bila hewa huoza kwa ndani huku nje ikiwa safi.

Shakeli za kamba

Siku hizi kuna shakeli zilizosukwa kwa kamba ya Dyneema. Ni nyepesi na zina nguvu ya kushangaza. Adui zake ni kingo kali. Zinafaa kwenye kapi za demani na kwenye tanga la mbele, ambako pia haziumizi kichwa zinapopigapiga. Zisiwekwe kwenye bamba lenye ncha, na zikianza kuota manyoya zitupwe.

Ukaguzi wa dakika kumi

Kabla ya kusukuma chombo majini, fanyeni haya:

1. Shikeni kila pini kwa vidole. Ikizunguka, haijafungwa.
2. Tazameni kama shakeli imepanuka mdomo au pini imepinda. Iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo. Hutupwa.
3. Tafuteni michirizi ya kutu inayotoka kwenye tundu au ufa. Doa la juujuu husuguliwa likatoka. Mchirizi unaorudi ni dalili ya ufa.
4. Pitisheni kitambaa kwenye nyaya. Kikinasa, uzi umekatika, na waya huo umekwisha kazi.
5. Kila mnapolaza mlingoti, kagueni shakeli ya juu na bamba lake, pamoja na ribiti zinazolishika. Stenlesi inapogusa alumini, alumini ndiyo huliwa. Unga mweupe kuzunguka ribiti ndiyo dalili yake.

Mkirudi ufukweni, mwagieni vifaa maji baridi yasiyo na chumvi. Ndoo moja inatosha.

Mkiwa majini na mkaona shakeli ya upande wa upepo inaachia, legezeni demani mara moja, kisha geuzeni chombo ili upepo uje upande wenye waya mzima. Watu wakae chini, mbali na mstari ambao mlingoti ungeangukia. Rudini polepole. Kila mmoja awe amevaa jaketi la kuokolea tangu mwanzo, kwa sababu mlingoti ukianguka hakuna muda wa kulitafuta.

Wajibu wa mwenye chombo

Usalama wa vyombo vya majini nchini husimamiwa na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA, na mwenye chombo anapaswa kuhakikisha chombo chake kimesajiliwa na kukaguliwa. Lakini mkaguzi hatakuwepo kila asubuhi ufukweni. Atakuwepo nahodha, na pengine kijana wa miaka 18 aliyeajiriwa kusafirisha wageni, asiye na uwezo wa kumwambia tajiri wake kwamba shakeli imechoka.

Ombi basi ni kwa matajiri. Kijana akija na shakeli iliyopinda mkononi, asikemewe kwamba analeta hasara. Apewe nyingine, na ya akiba iwe ndani ya kisanduku tayari. Ameokoa mlingoti, ameokoa msimu wa kazi, na huenda ameokoa maisha ya mtu.