Mwandishi Mwadilifu: Vijana Wetu na Masomo ya Uhasibu na Fedha

(Nakala ya mhadhara uliotolewa msikitini, Ijumbi, Wilaya ya Muleba)

Shukrani zote njema anastahiki Allah (SWT), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, Maswahaba wake na kila mwenye kufuata mwenendo wake kwa wema. Ama baad.



Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, swali moja huwafikia walimu wa madrasa. Mzazi huja na kusema: "Maalim, kijana amefaulu, naye anataka kwenda chuo kikuu kusomea uhasibu na fedha. Je, hiyo si kazi ya kuandika riba?" Mzazi anayeuliza hivyo anastahiki pongezi, kwa kuwa wengi hawaulizi kabisa. Jibu lake halitoshi kwa neno moja, basi na tulitazame kwa utaratibu.

1. Waandishi wawili

Hofu ya mzazi ina msingi. Katika Hadith ya Jabir (RA) iliyopokewa na Imam Muslim, laana imetajwa juu ya mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na ikabainishwa kuwa wote ni sawa. Hapo mwandishi ametajwa kwa kazi yake. Kwa hiyo mhasibu hawezi kujitetea kwamba fedha si zake, yeye ameandika tu.

Lakini tuendelee kusoma. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 ya Suratul Baqarah, nayo inazungumzia deni na namna ya kuliandika. Imeamrisha kuwa deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Zingatieni pia mahali ilipowekwa: imekuja mara baada ya aya za kuharamisha riba. Mlango wa dhuluma umefungwa, kisha papo hapo mwandishi mwadilifu ameitwa.

Basi kuna waandishi wawili, na kalamu wanayoitumia ni moja. Elimu ya hesabu haikulaaniwa. Kilicholaaniwa ni muamala unaoandikwa. Na umma ukikosa mtu wa kuandika hesabu zake, utaibiwa huku unatazama. Kwa sababu hiyo elimu hii inaingia katika faradhi ya kutosheleza: wakiibeba wachache, lawama huondoka kwa wengine, na wakiiacha wote, wote wana dhambi.

2. Hesabu si ngeni kwetu

Imam Bukhari amepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume (SAW) alimfanyia hesabu. Yule bwana akatenga mali mafungu mawili, hili la zaka na hili alilopewa yeye zawadi. Mtume (SAW) akamkemea, kisha akapanda mimbari kuwaonya watu wote: lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Huu ndio ukaguzi wa hesabu, ukifanywa juu ya mtu mwenye cheo, na funzo lake likatangazwa hadharani.

Umar bin al-Khattab (RA) naye alianzisha diwani, yaani madaftari ya dola ya kuandikia majina na haki za watu. Hata lugha yetu ya Kiswahili inashuhudia jambo hili. Maneno hesabu, mhasibu, daftari, sifuri, amana, dhamana na rasilimali yote yana asili ya Kiarabu. Wazungu pia walichota huko. Fibonacci, aliyeandika kitabu chake cha hesabu mwaka 1202, alijifunza tarakimu hizi akiwa Bugia, katika nchi iitwayo leo Algeria. Luca Pacioli alipochapisha huko Venice, mwaka 1494, maelezo ya kuandika kila muamala pande mbili, alikuwa akihesabu kwa tarakimu hizo hizo.

3. Kinachosomwa chuoni

Shahada ya uhasibu au fedha kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi husoma uhasibu wa fedha, uhasibu wa gharama, ukaguzi wa hesabu, kodi, sheria za biashara, takwimu na usimamizi wa fedha. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichopo Dar es Salaam, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mwaka huo huo iliundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Wazazi wafahamu kuwa shahada pekee haimfikishi kijana mwisho wa safari. Ili atambulike kuwa mhasibu kamili wa taaluma, hana budi kufaulu mitihani ya Bodi na kusajiliwa nayo.

Ni kweli kwamba darasani atakutana na hesabu za riba. Kujua jinsi riba inavyokokotolewa si kuila, kama vile tabibu kujua sumu si kuinywa. Bali asiyeijua hesabu yake ndiye anayeingizwa ndani yake bila kutambua. Mfano hatuufuati mbali, tunao hapa hapa mashambani kwetu.

4. Butura: riba isiyoandikwa

Nyote mnaijua butura. Mkulima anafikwa na ada ya shule, ugonjwa au msiba, anauza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku, lakini imeendelea kufanyika kwa siri. Sisi walimu tumezoea kusema kuwa haifai, na dalili ipo: Hadith ya Ibn Umar (RA) kwa Bukhari na Muslim inakataza kuuza matunda kabla kufaa kwake hakujadhihirika. Tukishasema hivyo, tunashuka mimbari, na mkulima anabaki na shida yake.

Sasa sikilizeni atakachoongeza mhasibu. Tuchukue mfano: mkulima amepokea shilingi 100,000 mwezi Machi. Mwezi Julai mnunuzi anachukua kahawa yenye thamani ya shilingi 180,000. Kwa miezi minne mkulima ametoa 80,000 zaidi juu ya 100,000 aliyopokea, sawa na shilingi 20 kila mwezi kwa kila 100. Kwa kiwango hicho, mwaka mzima ni 240 kwa kila 100. Kwa kuwa hakuna daftari lililoandikwa, mkulima haioni gharama hiyo. Yeye huona amesaidiwa.

Sheria yetu haikuishia kukataza. Katika Hadith ya Ibn Abbas (RA), Mtume (SAW) aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende miaka kabla ya kuzipokea. Akaruhusu kulipa kabla, kwa sharti la kipimo maalumu, uzito maalumu na muda maalumu. Huu ndio mkataba wa salam. Bei hulipwa yote siku ya makubaliano, aina ya mazao hutajwa, wala hayafungwi kwenye miti au shamba la mtu fulani. Lakini nani atakokotoa bei ya haki kwa pande zote mbili? Nani ataandika mkataba, ataweka daftari la wakulima na kupanga akiba ya msimu mbaya? Maalim peke yake hawezi. Anahitajika kijana aliyesomea fedha, akae pamoja na mwanachuoni.

Hali ni hiyo hiyo katika ushirika. Umoja wa ushirika wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1950 ili mkulima wa kahawa apate haki yake. Sheria ya mwaka 1982 ikaunda COASCO, shirika la kukagua hesabu za vyama vya ushirika. Mkaguzi hata hivyo huja na kuondoka. Mwanachama asiyeweza kusoma makato kwenye stakabadhi yake, wala kuuliza swali kwenye mkutano mkuu, hana wa kumlinda.

5. Nasaha kwa kijana na mzazi

Kwanza, kijana asome mkataba wa mkopo wa masomo kabla ya kutia sahihi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa walionufaika walitozwa asilimia 6 kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, na Waislamu wengi walitatizika nayo. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Tozo hubadilika, kwa hiyo kila mmoja asome masharti ya mwaka wake na kuwauliza wenye elimu.

Pili, achague kazi kwa uangalifu. Kazi ya kuandaa mikopo ya riba aiepuke. Uwanja uliobaki ni mpana: halmashauri, hospitali, shule, viwanda vya kahawa, vyama vya ushirika na ofisi za ukaguzi. Aidha, fedha za Kiislamu sasa zipo karibu nasi. Nchini Kenya, Gulf African Bank ilifunguliwa mwaka 2008. Hapa nchini Amana Bank ilianza mwaka 2011. Uganda, jirani zetu wa Mutukula, walirekebisha sheria yao ya mabenki mwaka 2016 ili kuziruhusu. Katika benki hizo, mauzo ya murabaha ni halali pale benki inapoimiliki bidhaa kwanza kisha ikaiuza, na daftari la mhasibu ndilo linaloonyesha kama iliimiliki kweli au ni jina tu.

Tatu, akumbuke sifa mbili alizozitaja Nabii Yusuf (AS) alipoomba kusimamia hazina: uhifadhi na ujuzi. Mwaminifu asiyejua huharibu mali, na mjuzi asiye mwaminifu huila.

6. Tuanzie hapa msikitini

Tusingoje kijana arudi na joho. Sadaka ya Ijumaa, ada ya madrasa na michango ya ujenzi ni amana. Hujuma zote za maneno na migogoro ya misikiti huota pale ambapo mtu mmoja anapokea, anatunza na anatumia, na hakuna daftari. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika. Kila shilingi ipatiwe stakabadhi. Fedha isitoke ila kwa sahihi za watu wawili. Na hesabu zisomwe mbele ya jamaa kila mwezi. Wanafunzi wetu walio likizo wapewe daftari hilo walisimamie. Wawasaidie pia wenye maduka kuhesabu bidhaa zao na kujua kama zimefikia kiwango cha zaka, ambacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ili watoe sehemu moja ya arobaini.

Basi mzazi anayeuliza, jibu lake ni hili: mpeleke mwanao chuoni, na umwambie mapema ni mwandishi yupi kati ya wale wawili unayetaka arudi kuwa.

Tunamwomba Allah (SWT) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atusahilishie hesabu ya Siku ambayo daftari la kila mmoja litafunguliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.